Msililie Darasa, Daini Majibu

Katika vituo vya mikoa vya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, na katika makundi ya WhatsApp ya wanafunzi wa masafa wa vyuo vingine, kuna kauli ambayo imerudiwa mpaka imekuwa kama kanuni. Uhasibu unasomeka ukiwa nyumbani. Sheria inasomeka. Hata takwimu, ukikaza roho, zinasomeka. Kiingereza hakisomeki kwa masafa. Kinataka mwalimu asimame mbele yako, umsikie naye akusikie. Wanaosema hivyo si wavivu. Wengi ni walimu wa shule za msingi, watendaji wa kata, wauguzi, askari, akina mama wanaofungua kitini watoto wakishalala. Ada wanajilipia wenyewe, mara nyingi bila mkopo wala bumu, kwa hiyo kauli yao inastahili kujibiwa kwa hoja. Nami naikataa. Si ya kweli, na inawafanya walilie kitu kisichowafaa huku haki ambayo wamekwisha kuilipia wakiiacha ipotee bila kuidai.

Hoja zao nazijua na sitazipunguza uzito. Wanasema lugha huingia kwa sikio: matamshi ya Kiingereza hayafanani na maandishi yake, na kitini hakitamki neno. Wanasema lugha inataka wenzako. Huwezi kujibizana na ukuta. Wanasema ukikosea peke yako chumbani kosa linakomaa, kwa kuwa hakuna wa kukwambia. Tena kuna jambo lisilosemwa sana mbele za watu lakini linauma: mwajiri akisikia shahada imepatikana kwa masafa humtazama mtu kwa jicho la pembeni, na mtu huyo akijikwaa kwenye sentensi moja ya Kiingereza wakati wa usaili, mwajiri hujiona amepata ushahidi.

Tuanze na darasa lenyewe, hilo linaloliliwa.

Mwaka 1984 wataalamu wawili, Clive Criper na W. A. Dodd, walitoa ripoti kuhusu ufundishaji na matumizi ya Kiingereza katika elimu ya Tanzania, baada ya kuwapima wanafunzi wa ngazi mbalimbali. Kwa kidato cha nne walikuta ni kama asilimia 10 tu waliofikia kiwango ambacho mtu angeweza kuanza kufundishwa masomo kwa Kiingereza. Kuanza, wakati hao walikuwa wanamaliza. Kwa chuo kikuu walikuta kwamba chini ya asilimia 20 ya waliopimwa ndio walioweza kusoma kwa wepesi hata vile vitabu rahisi vya masomo yao. Tazameni tena mwaka huo. Chuo Kikuu Huria kilianzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992, na wanafunzi wake wa kwanza walianza masomo 1994. Waliopimwa na Criper na Dodd walikuwa watu wa darasani. Walifundishwa Kiingereza tangu shule ya msingi, wakakaa sekondari miaka sita mbele ya mwalimu, ubao na chaki, wakaingia Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakakaa mbele ya wahadhiri. Mwalimu wa kumwona kwa macho walikuwa naye kwa zaidi ya miaka kumi, na bado vitabu vilikuwa vinawashinda.

Tangu wakati huo kumbi za mihadhara zimejaa zaidi. Hesabu yake ni nyepesi. Chukua muhadhara wa saa moja wenye wanafunzi 400, jambo la kawaida kabisa katika kozi za mwaka wa kwanza. Mhadhiri akiamua kunyamaza saa nzima na kuwaachia wao wazungumze kwa zamu, kila mmoja atapata sekunde 9. Kwa kuwa mhadhiri hanyamazi, wengi hupata sekunde sifuri, wiki baada ya wiki, mpaka muhula unaisha. Wameketi, wanaandika nondo, wanatoka. Hata kozi ya Stadi za Mawasiliano, iliyobuniwa mahsusi kwa sababu Kiingereza cha wanaoingia chuo kilionekana dhaifu, nayo mara nyingi hufundishwa kwa mtindo huohuo wa umati. Mwanafunzi wa masafa aliyeko Namtumbo au Kibondo anayewaonea wivu wenzake wa Mlimani anaonea wivu ukimya.

Atasema: lakini angalau wanasikia. Ni kweli, wanasikia. Swali ni kama kusikia kunatosha, na swali hilo limekwisha kuchunguzwa mahali ambapo mazingira yalikuwa bora kuliko yetu mara nyingi. Nchini Kanada, watoto wa familia zinazosema Kiingereza waliwekwa katika shule ambamo masomo yalifundishwa kwa Kifaransa tangu wakiwa wadogo, na walimu wanaokijua vizuri, vitabu vya kutosha, madarasa ya watoto wachache kwa vipimo vyetu. Baada ya miaka mingi waliweza kuelewa Kifaransa karibu sawa na wenyeji. Walipofungua kinywa au kushika kalamu, makosa yalikuwa tele. Mtafiti Merrill Swain, akiandika mwaka 1985, alitoa maelezo ambayo kila mwanafunzi wa lugha angepaswa kuyajua: watoto wale walikuwa wanapokea lugha kwa wingi, ila hawakulazimishwa kuitoa, kuipanga, kuikosea na kusahihishwa mpaka isimame. Kuelewa kunaweza kuja kwa kusikiliza na kusoma. Kusema na kuandika huja kwa kusema na kuandika mbele ya mtu anayekujibu.

Kama watoto wa Kanada, pamoja na neema yote ile, hawakufikishwa na masikio peke yake, muhadhara wa watu 400 utamfikisha nani?

Kwenye suala la aibu ndipo ninapoona darasa linadhuru kabisa. Kila aliyesoma sekondari katika nchi hii anakijua kicheko cha darasani. Mwanafunzi anainuka, anachanganya r na l, au anakosea wakati wa kitenzi, darasa linaangua kicheko, na wakati mwingine mwalimu naye anacheka. Anaketi. Hatainuka tena mpaka kidato cha nne. Tumewalea watu waamini kwamba kuchapa ung'eng'e ni maonyesho, na kwamba asiyeweza kuonyesha anyamaze. Mama wa miaka 45 anayefundisha darasa la pili kijijini, akipelekwa chuoni kukaa na vijana wa miaka 20 waliotoka shule za Kiingereza tangu chekechea, atasema nini mbele yao? Nyumbani kwake anaweza kujirekodi kwa simu, akajisikiliza, akafuta, akajirekodi tena, kisha akatuma ile aliyoridhika nayo. Kule kurudia ni mafunzo ambayo darasa halimpi mtu yeyote. Masafa humpa nafasi ya kukosea bila kuchekwa, na kwa mtu mzima anayejifunza lugha hiyo ni nafasi ya thamani kubwa sana.

Kuhusu sikio lenyewe, hoja ilikuwa na nguvu zamani kuliko leo, na hata zamani watu walipata njia. BBC ilianza kufundisha Kiingereza kwa redio mwaka 1943. Sauti ya Amerika ilianzisha Oktoba 1959 vipindi vya Kiingereza chepesi, vyenye msamiati wa maneno kama 1,500, sentensi fupi, na msomaji anayekwenda taratibu. Leo mwenye simu ya kawaida ya intaneti anaweza kusikia Kiingereza cha Lagos, cha Nairobi na cha Edinburgh kabla hajamaliza chai. Upungufu wa Kiingereza cha kusikiliza umekwisha. Sauti ya mhadhiri mmoja kutoka mbele ya ukumbi, akisoma slaidi zake, haiwezi kuwa ndiyo iliyokosekana.

Nimefika sasa mahali ambapo wanafunzi wako sahihi, na hapa sitaki kupita haraka. Wako sahihi kwamba hakuna wa kuwaambia walipokosea. Wamekosea tu kudhani kwamba kosa ni la umbali.

Angalia safari ya kazi moja ya kuandika. Mwanafunzi anapewa swali la insha ya kurasa tatu. Anaandika kwa usiku kadhaa, anaituma. Wiki zinapita. Muhula unakwenda. Siku moja anaona alama kwenye mfumo: 11 kati ya 20. Hakuna neno, hakuna mstari uliopigwa chini ya sentensi, hakuna swali pembeni. Karatasi yenyewe hairudi. Mwanafunzi huyo pengine anaandika "he" kila anapomtaja mama yake, kwa kuwa lugha zake zote za awali hazimdai kutofautisha hivyo. Pengine kila aya yake inaanza na jambo moja na kuishia na jingine. Ile 11 haikumwambia lolote kati ya hayo. Atakwenda na kosa lilelile kwenye insha ya pili, kwenye mtihani, kwenye barua ya kuomba kazi, na kwa kuwa wengi wao ni walimu, atakwenda nalo kwenye ubao wa darasa lenye watoto 80.

Sasa mfikirie msahihishaji mwingine. Hasahihishi kila kitu, kwa sababu karatasi iliyochafuka kwa wino mwekundu humkatisha mtu tamaa bila kumfunza. Anachagua makosa mawili au matatu yanayojirudia, anayaonyesha mahali yalipo, anaandika sentensi mbili za kueleza, kisha anasema: andika upya aya ya pili na unirudishie ndani ya siku saba. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo yenye uzito. Mwanafunzi akiandika upya, amejifunza. Akisoma tu maoni, ataitikia kwa kichwa na kusahau. Nayo haihitaji ukumbi, haihitaji nauli ya kutoka Mpanda hadi Dar es Salaam, na ilikuwa inawezekana hata zama za bahasha na stempu. Inahitaji mtu anayesoma na kujibu.

Michael Moore, ambaye alifanya kazi ya elimu ya watu wazima Kenya katika miaka ya 1960 kabla ya kwenda kuwa profesa Marekani, alijenga nadharia yake juu ya jambo hilihili: umbali unaoharibu elimu haupimwi kwa kilomita, unapimwa kwa uhaba wa mazungumzo kati ya mwalimu na mwanafunzi. Kwa kipimo hicho, aliyeketi kiti cha mwisho katika ukumbi wa watu 400 anaweza kuwa mbali na mwalimu wake kuliko mvuvi wa Mafia ambaye kazi zake zinasomwa na kurudishwa. Nadharia hii ni kama tumeizaa nusu sisi wenyewe, hapa Afrika Mashariki, na inasikitisha kwamba vyuo vyetu havijaifanyia kazi.

Vyuo vya masafa vilivyofanikiwa duniani vililijua jambo hili. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kilipopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1971, watu wa nje walivutwa na vipindi vyake vya televisheni vya BBC. Uti wa mgongo wake ulikuwa kwingine: kila mwanafunzi alikuwa na mkufunzi wake, na kazi alizoandika zilirudi na maoni. UNISA ya Afrika Kusini imefundisha kwa masafa tangu miaka ya 1940, na Nelson Mandela alipata huko shahada ya sheria mwaka 1989 akiwa bado kifungoni. Mandela huyohuyo, akiwa mfungwa, alijifunza pia Kiafrikaans: alikisoma kwenye vitabu na akakitumia kwa askari waliomlinda. Vitabu vilimpa lugha, askari wakampa majibu. Kwetu huku, Tom Mboya alisoma kwa posta alipokuwa mkaguzi wa afya wa Halmashauri ya Jiji la Nairobi na kiongozi wa wafanyakazi, kabla hajapata nafasi ya kwenda Ruskin College, Oxford, mwaka 1955. Sisemi posta ndiyo iliyompa ule ufasaha wake wote. Shule za misheni na mikutano ya vyama vya wafanyakazi vilifanya kazi yake. Nasema hakuna aliyemsikiliza Mboya akadai kwamba elimu ya posta imemharibia Kiingereza.

Dharau ya waajiri ina historia yake hapa Tanzania. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, serikali iliandaa makumi ya maelfu ya walimu kwa mpango wa masomo ya posta, redio na wakufunzi waliowafuata vijijini, ili elimu ya msingi kwa wote, UPE kwa kifupi cha Kiingereza, iwezekane kufikia 1977. Watu wakaigeuza UPE kuwa Ualimu Pasipo Elimu, na kejeli hiyo imeishi kuliko mpango wenyewe. Wanaoirudia husahau kwamba walimu wale waliingia katika madarasa yaliyofurika ghafla, bila vitabu, katika miaka ambayo uchumi ulikuwa unaelekea kuporomoka. Lawama zote wakabebeshwa wao na namna waliyosomea. Mwajiri wa leo anayeidharau shahada ya masafa anaendeleza kejeli hiyo. Kama anataka kujua Kiingereza cha mwombaji, ampe karatasi aandike ukurasa mmoja palepale. Atashangaa mara nyingi, kwa waliosoma darasani na kwa waliosoma kwa masafa pia.

Kuna kundi jingine ambalo lazima nilikatae pia, nalo ni la wapenzi wa mitambo. Hawa wanakubali kwamba masafa yanafaa, kisha wanadhani yanafaa kwa sababu ya video. Machi 2020, korona ilipofunga vyuo Kenya na Tanzania, tuliona matokeo ya fikra hiyo: palipofundishwa mtandaoni kwa haraka ile, mara nyingi ulikuwa muhadhara uleule uliohamishiwa kwenye skrini, kamera za wanafunzi zimezimwa, bando linakatika katikati. Maoni mengi mabaya ya wanafunzi kuhusu masafa yalizaliwa miezi ile, na yalikuwa ya haki. Saa moja ya video hula mamia ya megabaiti. Ujumbe wa sauti wa dakika moja haufiki hata megabaiti moja. Mwanafunzi akitumiwa swali kwa sauti, akajibu kwa sauti, akarudishiwa maoni kwa sauti, amesema na amesikilizwa kwa gharama ya chini kuliko nauli ya daladala. Vyuo vinavyotumia fedha nyingi kurekodi mihadhara na kukosa fedha za kulipa wasahihishaji vimeweka fedha mahali pasipostahili.

Nitaambiwa wahadhiri ni wachache na wanafunzi ni maelfu. Ni kweli, na hakuna anayemtaka mhadhiri mmoja asome insha 1,500. Lakini shule zetu za sekondari, katika kila wilaya, zina walimu wa Kiingereza wenye shahada, na mitaani wamo wahitimu wa lugha na fasihi wasio na kazi. Wapeni mafunzo mafupi ya kusahihisha, wapeni mwongozo mmoja, muwalipe kwa kila kazi iliyosomwa na kurudishwa. Mwanafunzi mmoja wa Newala anaweza kusahihishwa na mwalimu aliye Masasi. Vituo vya mikoa vipo. Badala ya kuviacha vichangamke msimu wa mitihani tu, viwakutanishe wanafunzi watatu watatu wajadiliane kwa Kiingereza, na mkufunzi awe msikilizaji.

Na mitihani ibadilike. Kozi nyingi za Kiingereza vyuoni humfundisha mtu habari za Kiingereza: fonolojia yake, mofolojia yake, majina ya aina za sentensi. Hayo ni elimu na yana mahali pake. Ila mtihani ukiuliza fasili tu, mwanafunzi atakusanya madesa, atakariri, atafaulu, na hataweza kuandika barua ya ukurasa mmoja. Mwanafunzi hana kosa, amesoma alichoulizwa. Martha Qorro na Zaline Roy-Campbell, katika kitabu chao cha 1997 kuhusu mgogoro wa lugha Tanzania, walikwisha kuonyesha kwamba kukitumia Kiingereza kufundishia masomo mengine hakumfanyi mtoto akijue. Kinapaswa kufundishwa vizuri kama somo. Sekondari haikusikia. Chuo kikuu, kinachowapokea waliojeruhiwa na mfumo huo, hakina kisingizio cha kuurudia.

Kenya nayo ilikipa hati Chuo Kikuu Huria chake Agosti 2023, chenye makao Konza, na wengi watakaosoma Kiingereza cha chuo kikuu katika eneo letu miaka ijayo watakisoma wakiwa makwao. Kuwaambia tangu mwanzo kwamba hawawezi ni kuwavunja nguvu kabla hawajaanza, na ni kuwapa walioshindwa kuwafundisha udhuru ambao hawastahili.

Kwa hiyo, ninyi mnaosoma kwa masafa, acheni kuomba mjengewe ukumbi. Muhula ukianza, kabla ya kulipa ada ya kozi ya Kiingereza, ulizeni kwa maandishi mambo matatu: nani atasoma nitakachoandika, mara ngapi katika muhula, na itanirudia baada ya siku ngapi. Ulizeni kama kundi, kupitia viongozi wenu wa kituo, na majibu yabandikwe ukutani kila mtu ayaone. Chuo kisichoweza kujibu maswali hayo hakina haki ya kupokea ada ya kozi hiyo.